Vua Kofia Kwanza

Siku ile mjinga alikuwa Luhende, wala tusihangaike kutafuta mwingine wa kumsingizia. Treni ya Tabora ilikuwa imeingia Mpanda kwa kuchelewa, kituo kimefurika magunia, matenga ya kuku na akina mama wanaoita watoto kwa sauti za kupasua chupa. Yeye amesimama kando ya guta lake la matairi matatu, kofia ya pama kichwani, shati la maua limefungwa vifungo vya chini tu, anatabasamu. Guta lilikuwa moja. Watu aliowaahidi kuwabebea mizigo peke yao, bila kuchanganyiwa na mtu, walikuwa watatu, na wote walikuwa wanamjia.

Wa kwanza kufika alikuwa Theopista, mwenye mgahawa pale Shanwe, mama mnene mwenye kilemba cha manjano na ulimi usio na breki.

"Luhende, pakia viti vyangu, wateja wanakula wamesimama kama ng'ombe."

"Ndiyo, mama."

Akatokea Yotham seremala na mbao zake. "Kaka, si tuliongea? Nipakie."

"Ndiyo, fundi."

Wa tatu Luhende hakuwahi kumwona, walizungumza kwenye simu tu. Dada mrefu, gauni la kitenge cha bluu lililokaa mwilini kama limemiminwa, raba nyeupe, nywele fupi zimechongwa pembeni. Alikuwa na sanduku, stendi ya miguu mitatu na bunda kubwa la makaratasi.

"Wewe ndiye Luhende? Ulisema guta ni langu peke yangu."

"Ndiyo, dada."

Akapakia vyote. Viti chini, mbao katikati zikiwa zimechomoza nyuma kama mkia, sanduku juu. Akakanyaga kiki. Guta likainua tairi la mbele taratibu, kama farasi anayeomba dua, Luhende akiwa juu amening'inia kwenye usukani, miguu inapiga hewa. Kisha mzigo wote ukamwagika kwa nyuma. Viti vikakimbia. Makaratasi ya yule dada yakapeperuka jukwaa zima, na moja likamganda Luhende kifuani kwenye jasho.

Dada hakupiga kelele. Alimsogelea, akakunja mikono.

"Hebu soma hilo lililokuangukia."

Luhende akalibandua, akasoma maandishi makubwa ya kalamu nyekundu: *Ni tabia gani moja ungependa kuiacha?*

"Kwa nini hukusema hapana?" dada akauliza.

Luhende akashangaa kama mtu aliyeulizwa kwa nini hana mkia. "Hapana... kwa nani?"

"Kwa yeyote. Ungeanzia popote."

"Dada, watu wangeumia."

"Na sasa hivi hawajaumia?"

Luhende akageuka. Theopista alikuwa amekaa kwenye kiti pekee kilichobaki kizima, kiatu mkononi, anapima umbali.

*

Dada yule aliitwa Joséline. Kwao ni Mishamo, kwenye mahindi na maharage, binti wa familia iliyotoka Burundi zamani na sasa ni Watanzania kamili, wenye kura zao na malalamiko yao. Alikuwa amesomea kazi ambayo Mpanda haikuwa na jina lake: kumsaidia mtu aache tabia inayomkwamisha na aishike mpya mpaka imzoee. Alikodi chumba Shanwe, jirani na mgahawa wa Theopista, akaweka mabenchi na ile stendi yake. Watu wakapaita kliniki ya tabia. Mwenye bucha aliyekuwa anatukana wateja alikwenda. Theopista mwenyewe alikwenda, kwa sababu ya ulimi, akapunguza kiasi, tuseme kijiko kimoja kwenye sufuria.

Luhende naye akaenda. Alisema anakwenda kuomba radhi. Aliomba radhi wiki nzima.

"Kaa," Joséline akamwambia. "Sitakuhubiria, Mpanda ina wahubiri wa kutosha. Nitakuuliza tu. Ndiyo yako huwa inatoka saa ngapi?"

"Kabla mtu hajamaliza kuomba."

"Na mwili wako unafanya nini wakati huo?"

Luhende akafikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za mwili wake isipokuwa daktari wa malaria. "Mkono unakwenda kwenye kofia. Nashika ukingo, nainamisha kichwa. Sisi Wasukuma wa kwetu Kakese ndivyo tulivyolelewa. Mzee akisema, unaitika."

"Vizuri. Basi mkono hatutauzuia, uache uende. Ila ukifika, vua kofia kabisa. Ishike kifuani, vuta pumzi, jiulize mawili: naweza? Nataka? Ukishapata jibu, liseme. Halafu uvae."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Ukikosea usijitukane, anza tena kwa anayefuata. Na tafuta shahidi."

"Wa mahakamani?"

"Wa kusimama karibu siku utakapokutana na mtu unayemwogopa kweli. Hapa kila mtu ana shahidi wake. Asikusemee, asikusukume. Awepo tu."

Mji ulicheka mpaka ukachoka. Yotham alipomwomba ambebee mlango bure, Luhende akavua kofia, akaishika kifuani, akafumba macho. Yotham akarudi nyuma.

"Kaka, nani amekufa?"

"Hakuna. Nafikiria."

"Unafikiria kwa kofia?"

"Naweza, ila bure sitaki."

Yotham alisimulia habari hiyo kama mtu aliyeshuhudia jiwe likiongea. Zipo siku Luhende alisahau, akajikuta amekubali kulinda mbuzi wa mtu na kuimba kwaya ya kanisa lisilo lake. Jioni simu ilikuwa inaita.

"Bwana Ndiyo, leo vipi?"

"Leo nimesema hapana mara nyingi, mwalimu. Mpaka nimemwambia hapana mtu aliyenisalimia."

Kicheko cha Joséline kilikuwa kinaanzia mbali, kama maji yanayokuja kwenye mfereji. Luhende alikuwa anakingoja huku amebana simu sikioni kwa mikono yote miwili. "Kwetu tunasema *oya*. Hapana ni *oya*. Ni laini kama muhogo, jaribu."

"Oya."

"Tena."

"Oya, mwalimu. Sitaki ukate simu."

Kisha Joséline akasema kwa sauti ya kazini, "Luhende, kuanzia kesho wewe si mwanafunzi wangu. Nitakupeleka kwa mwenzangu Arcade, anafanya kazi hii Mishamo, huwa anakuja mjini siku za gulio."

Luhende akahisi kama guta limeinuka tena. "Nimefanya nini? Mwalimu, kama ni ile kwaya..."

"Hujafanya kitu. Ni mimi. Siwezi kumfundisha mtu ambaye simu yake nikiiona naweka mafuta ya midomo kabla ya kupokea."

Luhende alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Palepale palikuwa na matope.

*

Wakapendana hadharani, kama wanavyopendana watu wazima wasio na deni la kumficha mtu. Jioni walikula samaki wa kukaanga kwa Theopista, ambaye aliwawekea meza ya pembeni na kusimama karibu nayo ili asipitwe. Joséline alimshonea Luhende vile vifungo vya juu. Luhende alimwita roho yangu. Joséline alimwita *mukunzi*, neno la kwao la mapenzi, akakataa kumtafsiria mpaka aliposoma usoni mwake kwamba ameelewa.

Siku moja, mdomo wake ukiwa na mfupa wa samaki, Luhende akavua kofia.

"Joséline, nataka nikuoe."

Joséline alimtazama. Jicho lilikuwa limelowa lakini kinywa kilikuwa kinatania. "Kuna mtu mjini hapa hujamwambia ndiyo?"

"Hiyo ni ya zamani!"

"Ni ya mwezi jana. Uliahidi kumpeleka mchungaji mpaka Karema." Akamfuta mchuzi kidevuni. "Baba yako anajua kwamba nipo?"

Luhende akavaa kofia.

"Nilijua," Joséline akasema taratibu. "Sikukatai, mukunzi. Nangoja."

Jambo lenyewe likatokea kwa kinyozi. Celestin alikuwa anamnyoa, mashine inanguruma, redio inaimba mapenzi ya Dar es Salaam, na kofia ya pama imening'inizwa kwenye msumari ukutani. Simu ikaita. Alikuwa Mzee Ngolo, baba yake, mtu ambaye akikohoa Kakese ng'ombe wanasimama.

"Mwangaluka, baba."

Mzee akaanza kuzungumza. Huwa anaanzia mbali, kwenye mvua, akapitia malisho, akapitia majirani. Luhende akawa anaitika huku macho yakiwa kwenye kioo, anajipima kama pembeni pamechongwa kama pa Joséline. *Ndiyo, baba. Sawa, baba.* Mkono ulikwenda kichwani kutafuta kofia, ukakuta mashine. Ukarudi. *Ndiyo, baba, hakuna shida.* Mzee akasema, "Asante, ng'wanawane, mwanangu. Umenipa heshima." Luhende akafurahi kwamba amempa baba yake heshima, na hakuuliza ya nini.

*

Ijumaa mchana alikuwa anampeleka Joséline Ilembo kumwona mtu wa darasa lake. Joséline alikaa naye kiti cha mbele, gauni la njano, miwani ya jua, mkono begani kwake. Walipoyaacha makazi na kuingia kwenye mashamba, njia ikazibwa na ng'ombe. Kundi zima, limeoshwa, pembe zinang'aa. Mbele alikuwa dume jeupe lenye pembe moja iliyopinda.

"Mbona namjua huyu," Luhende akasema.

Nyuma ya vumbi akatokea Mzee Ngolo, shati jeupe, koti zito katika jua lile, fimbo begani. Akamwona mwanawe, akafurahi.

"Umekuja kunisindikiza? Usijichoshe. Nenda ukapumzike, kesho uwe na uso mzuri."

"Kesho kuna nini, baba?"

"Kuna nini!" Mzee akacheka, akamgeukia yule abiria mwenye miwani. "Binti, umewahi kuona bwana harusi anauliza kesho kuna nini? Ng'ombe wanalala kwa Nkwabi leo, kesho wazee wanakaa, tunamchukua Lucia. Si ulikubali mwenyewe kwenye simu? Ulikubali mpaka nikaona aibu, nikasema mwanangu ana haraka."

Ng'ombe walipita. Walipita pande zote mbili za guta, wakilisugua. Luhende alisikia kengele ya shingo ya yule dume, akasikia kelele nyingine masikioni mwake mwenyewe. Mkono wa Joséline haukuwa tena begani. Alikuwa amevua miwani, na uso wake ulibadilika mara mbili: kwanza kwa neno bwana harusi, kisha, kwa namna nyingine kabisa, kwa jina la Lucia.

Mzee alipopita, Joséline akashuka.

"Roho yangu, ngoja..."

"Ulimwambia ndiyo?"

"Nilikuwa kwa Celestin, nilikuwa..."

"Luhende. Ulimwambia ndiyo?"

"Nilimwambia. Lakini sikuwa na kofia!"

Joséline alimtazama kana kwamba anatafuta mahali pa kuanzia kulia. "Kofia ni ya kukukumbusha kwamba upo, haifikirii kwa niaba yako," akasema. Akatembea kwa miguu kuelekea Ilembo, gauni la njano likipungua kwenye vumbi la mahari ya mwanamke mwingine.

Luhende alimpigia jioni nzima. Mara ya mwisho akapokea.

"Uko wapi?" Joséline akauliza.

"Kakese. Nje ya mlango wa baba."

"Umemwambia?"

Luhende akaona haya, lakini hakudanganya. "Nimekuja kumwambia. Wageni wamejaa ndani, wananipongeza. Mdomo umekataa. Joséline, njoo kesho. Sijachagua shahidi bado. Nakuchagua wewe. Simama karibu yangu tu."

"Siwezi."

"Kwa hasira?"

"Kesho nimeshaahidi kuwa shahidi wa mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Siri za watu wangu sizitoi, unajua. Hata zako sikuwahi kuzitoa." Sauti ikayumba, ikajishika. "Kuna jambo nalijua, na ningekwambia ungepumua. Lakini si langu. Wewe sema lako kwa mdomo wako, hata kama hakuna wa kukushika mkono."

Akakata. Mtu mwingine! Luhende, ambaye kesho yake alikuwa anaozeshwa mke asiyemjua, alikaa juu ya jiwe nje ya boma akiteketea kwa wivu. Tuliposema siku ya treni alikuwa mjinga, hatukusema ujinga uliisha siku ile.

*

Boma la Mzee Nkwabi pale Ilembo lilikuwa limefagiwa mpaka udongo unang'aa. Wazee wamekaa kwenye vigoda, togwa inazunguka, akina mama wanasonga ugali kwenye masufuria ya kuogea mtoto. Ng'ombe wako zizini, wakitafuna kama mashahidi waliokwisha kulipwa. Luhende aliingia na suruali nyeusi iliyopigwa pasi, shati jeupe lililofungwa vifungo vyote, na kofia yake.

Akatazama upande wa wanawake. Joséline alikuwa amekaa mkekani, khanga imefunika mabega. Amekuja kwangu! Amekuja! Kisha akakumbuka yule mtu mwingine, akawatazama wanaume wote mmoja mmoja kwa chuki. Wengi walikuwa na miaka sabini.

Mzee Nkwabi, mfupi mwenye mvi za pamba, akasafisha koo.

"Kijana, baba yako amesema. Sisi kwetu tunapenda tusikie na mdomo wako. Binti yangu Lucia umemkubali?"

Mkono wa Luhende ukapanda. Ukafika kwenye ukingo wa kofia, ukaivua, ukaishusha kifuani.

"Ana adabu," mzee mmoja akanong'ona.

"Kalelewa," akajibu mwingine.

Mzee Ngolo akavimba kwa fahari. Luhende akavuta pumzi. Naweza? Hakuna mtu duniani alimwogopa kama yule aliyekaa kwenye kigoda kile na fimbo magotini. Nataka?

"Hapana, baba."

Mwiko ukakwama katikati ya ugali. Mtu aliyekuwa anakunywa togwa alibaki na kata mdomoni, hamezi wala hatemi. Mzee Ngolo hakuonekana amekasirika. Alionekana kama mtu aliyekaa, kigoda kikaondolewa.

"Umesema?"

"Nimesema hapana. Kwenye simu niliitika bila kusikiliza, kosa ni langu, nipige faini mbele ya wazee hawa. Mzee Nkwabi, sijamkataa binti yako kwa ubaya, hata simjui. Nampenda mtu mwingine na nilikuwa naogopa kusema."

"Unamkataa mwanangu mbele ya majirani!" Mzee Nkwabi akasimama, akaonekana mfupi zaidi. "Ng'ombe wamelala kwangu! Mji mzima umeona!"

Hapo ndipo mlango wa nyumba ukafunguka. Akatoka msichana mwembamba aliyepakwa mafuta, shanga shingoni, kitenge kipya kinachonuka duka. Akapiga magoti mbele ya baba yake kama desturi inavyotaka. Joséline akanyanyuka mkekani, akaenda kusimama nyuma yake. Hakumgusa. Alikuwepo tu.

"Baba," Lucia akasema, sauti inatetemeka lakini inatembea, "na mimi hapana. Nilikwambia tangu wakati wa palizi, ukasema nitazoea. Sijazoea. Nataka kumalizia mafunzo yangu ya uuguzi." Akageuza kichwa kidogo. "Kaka Luhende, asante. Wiki nzima nimejifunza namna ya kukukataa hata kabla sijalijua jina lako, umeniwahi."

Mama mmoja akacheka, akajiziba mdomo na khanga, wakacheka wengine. Mzee Nkwabi alitazama binti yake, akatazama zizi, akakaa polepole. Luhende alikuwa ameduwaa, kofia kifuani. Macho yake yalitoka kwa Lucia yakaenda kwa yule aliyesimama nyuma yake. Mtu mwingine alikuwa huyu. Jambo ambalo lingempa pumzi lilikuwa hili, na Joséline aliliacha limsonge usiku kucha kuliko kuvunja siri ya msichana. Akampenda upya, na kwa hofu kidogo.

Mzee Ngolo alikuwa ameshaona macho yanakokwenda.

"Wewe ndiye wa kwenye guta," akasema.

Joséline akapiga magoti. "Ndiye mimi, baba. Joséline, wa Mishamo."

"Umewafundisha hawa wote wawili?"

"Nimewafundisha kufikiri kabla ya kujibu. Majibu wameyapata wenyewe."

"Na mwanangu anasema anakupenda."

"Ameniambia."

"Basi nikuulize, binti uliyesoma." Mzee akainua fimbo, akamwelekezea Luhende, na sauti yake safari hii ilikuwa imepasuka, si ya amri tena. "Huyu nimemzaa. Nimemlea. Leo amenikatalia mchana kweupe, mbele ya wazee, ng'ombe wangu wakiwa zizini kwa watu. Mtu wa namna hiyo, akikwambia atakuoa, utamwamini kwa lipi?"

Boma lote likamgeukia. Hata ugali uliacha kutokota.

"Kwa hilo hilo, baba," Joséline akajibu. "Ndiyo yake alinipa zamani nikaiweka pembeni, maana alikuwa anaigawa kwa kila mtu. Leo nimesikia anakukatalia wewe, na sasa ndiyo aliyonipa mimi naiamini."